Farasi Aliyejifunza Kupisha

Ipo siku ambayo sijaiacha inipotee, mwanangu, ingawa nyingine nyingi zimeniponyoka. Ni siku niliyochuchumaa kwenye matete karibu na bandari ya Mwaya, kisogo nimewapa wanaume, mkononi nimeshika kamba ya farasi mdogo kama ndama, na nyuma yangu Mjerumani anapiga kelele nirudi barabarani. Sikurudi. Ukiniuliza hata leo nitakujibu kwamba ningeulizwa tena nisingerudi.

Nakwambia haya kwa sababu juzi, nilipopita kwako Ndandalo, nilikuona ukimchapa yule dume mdogo wa ng'ombe unayemfundisha kukokota jembe. Ulisema, "Bibi, huyu bila fimbo hana adabu." Kisha ukacheka, ukaongeza kwamba hata sisi wa zamani tulitiwa adabu na kiboko cha Mjerumani, ndiyo maana tuko wapole hivi. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na wageni. Leo sinyamazi.

Sisi hatukufundishwa adabu na kiboko. Kiboko kilitukuta tunayo.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa karibuni, msichana mwenye haya hata ya kuomba chumvi kwa jirani. Babu yako Ambakisye alikuwa amejenga na vijana wa rika lake karibu na Ikolo, maana desturi yetu ilikuwa hiyo: wavulana wakishakua walihama kwa baba zao wakaanzisha kijiji chao wenyewe, ng'ambo ya kijito au nyuma ya migomba. Wageni walidhani tumegombana. Hatukugombana. Ilikuwa njia ya kumwachia baba nafasi yake, na hasa ya kumweka mbali na wake za wanawe.

Kwa sababu mke wa mwana hakukutana na baba mkwe wake uso kwa uso. Mambo hayo wewe umeyakuta yamelegea, lakini neno lake bado unalisikia kwa wazee: kutila. Baba mkwe akiwa njiani anakohoa kwa mbali. Ukisikia kikohozi unatoka njiani, unaingia migombani, unachuchumaa, unampa kisogo mpaka apite. Jina lake hulitaji. Sauti yako huipazi mahali anapoweza kuisikia. Mimi jina la baba yake Ambakisye sijalitaja mpaka leo, na kaburi lake limeshaota nyasi zaidi ya mara nilizoweza kuhesabu. Hapa nitamwita Mzee, utanielewa.

Vijana mliosoma mnasema tulikuwa watumwa wa wakwe zetu. Mtumwa anapisha peke yake, mwanangu. Kwetu Mzee naye alikohoa. Angeweza kuja kimya akanifumania na ndoo kichwani, nikaaibika mbele ya watu. Hakufanya hivyo hata siku moja. Kikohozi chake kilikuwa heshima yake kwangu, na kuchuchumaa kwangu kulikuwa heshima yangu kwake. Liweke hilo akilini, maana farasi anakuja.

Pale bandarini alikaa Mzungu wa forodha, mtu mrefu mwenye masharubu mekundu. Alikuwa anamngoja mke wake kutoka Ulaya, na kwa ajili yake aliagiza farasi wa aina fupi kutoka upande wa kusini wa ziwa, avute kigari kidogo cha magurudumu mawili. Meli ilipomshusha farasi huyo, wavuvi waliacha nyavu majini wakaja kutazama. Alikuwa jike, mgongo wake unanifika kiunoni, na tumbo lake limejaa. Akazaa pale pale bandarini. Haukupita mwezi, homa ya bondeni ikamuua, akabaki mtoto, dume jekundu lenye miguu kama mianzi.

Ambakisye alikuwa anakata majani ya ng'ombe wa forodha. Mzungu akamwita akamwambia, "Mchukue. Mpe maziwa ya ng'ombe. Akifa, mgongo wako utalipa." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote.

Basi yule mtoto akaja kwetu. Na hapo tukafanya kosa ambalo wangeweza kulifanya watu wa kwetu tu. Nyumba zetu zilikuwa ndefu, za mianzi, ng'ombe wanalala upande mmoja na watu upande wa pili, moto katikati. Ndama anazaliwa humo, anakulia humo, na mama yake anamfundisha kwa pembe mahali pa kukaa. Huyu hakuwa na mama. Ng'ombe walimkataa kwa sababu ya harufu yake. Akavuka moto akaja upande wa watu, na sisi tukacheka.

Tulicheka kila kitu. Alitia pua kwenye chungu cha uji, tukacheka. Alinyakua ndizi mkononi mwa mtu, tukacheka. Vijana walishindana naye kifua kwa kifua kama wanavyofanya wenyewe kwa wenyewe, na akimwangusha mmoja wao kijiji kizima kinapiga vigelegele. Mzungu alikuwa amempa jina refu la kwao ambalo hakuna aliyeweza kulitamka. Mimi nilimwita Gwe, yaani "wewe", kwa sababu kutwa nzima nilikuwa nikisema, "Gwe, toka hapo! Gwe, acha hiyo!" na yeye akadhani ndilo jina lake.

Mke wa Mzungu alichelewa. Masika yakapita, na mengine yakaja. Gwe akakua, ingawa si sana kwa kimo, akawa na shingo nene na kwato ngumu. Ile michezo tuliyoicheka sasa ilikuwa inaumiza. Akitaka ndizi anauma. Akitaka kupita anasukuma. Alimkanyaga mtoto wa jirani akamvunja kidole cha mguu, na sisi tukasema, "Ah, mdogo huyu, hajui."

Siku moja akaja mama mmoja Mkisi, wa wale wafinyanzi wa ufukweni, amebeba vyungu vya kuuza, vimefungwa vizuri kwa majani. Gwe alimnusa, akasikia harufu ya ndizi mbivu kwenye kikapu chake, akamsukuma kwa kifua. Yule mama akaanguka, vyungu vikapasuka, na Gwe akazila ndizi zote. Mimi, kwa aibu na kwa mazoea, nikacheka kidogo.

Bibi yake Ambakisye, mama yake Mzee, alikuwa ameketi mlangoni akisuka mkeka. Alikuwa mjane aliyekuja kukaa nasi, mwembamba kama fito, na ulimi wake hakuna aliyeupenda. Akaweka mkeka chini.

"Unacheka nini, mke wa mjukuu wangu?"

"Bibi, ni mdogo, hajui."

"Ni mdogo kwa kimo. Wewe unamfanya awe mdogo wa akili pia. Humpendi huyo."

Iliniuma. "Bibi, mimi ndiye ninayemlisha!"

"Unamlisha, ndiyo. Lakini nani amewahi kumwambia, 'Simama hapo, hapa ni pangu'? Ulipokuja kuolewa nilikuonyesha njia za kupita na mahali pa kuchuchumaa. Ulidhani nakuchukia? Nilikuwa nakupa mahali pako. Asiye na mahali pake, mama, kila mtu anamsukuma, na yeye anasukuma kila mtu. Mwishowe wanamuua. Huyo mnyama mtamuua kwa kicheko."

Kisha akamgeukia yule Mkisi, akamwinua, akampa mkeka aliokuwa anausuka, ingawa haukuwa umekwisha. Yule mama akasema, "Ndaga fijo," asante sana, akaondoka na kikapu kitupu na mkeka wenye nyuzi zinazoning'inia.

Haikupita muda maneno ya Bibi yakaanza kutimia. Ombasha alikuja kutoka bandarini, mkubwa wa askari wachache waliokuwa pale, mtu wa mbali aliyezungumza Kiswahili. Kiswahili changu cha kwanza nilikisikia kwake, na kilikuwa cha matusi. Alisema mke wa Mzungu yuko njiani kweli sasa. Farasi apelekwe kumpokea ufukweni, atembee kwa kamba, asimame, aguswe kichwa na miguu. Akiuma au akisukuma, Mzungu atampiga risasi hapo hapo, na Ambakisye atalala chini achapwe mbele ya watu.

"Na kwa kuwa ninyi ni washenzi msiojua farasi," akasema, "mimi mwenyewe nitamfundisha."

Akamfunga Gwe kwenye nguzo akaanza na kiboko. Sitakueleza sana. Gwe hakujua anaambiwa nini. Kila alikokwenda palikuwa na kiboko: akija mbele kinampiga, akirudi nyuma kinampiga. Alipofunguliwa alikuwa hasukumi tena, ni kweli. Alikuwa anatetemeka. Na tangu hapo mwanaume yeyote akimkaribia, anageuka na kurusha mateke. Ombasha akafuta jasho akasema kesho ataendelea.

Kesho yake alipokuja alinikuta nimesimama mlangoni mwa zizi. Mwanangu, sijui ile miguu iliyonisimamisha niliitoa wapi. Mimi niliyekuwa siwezi kuomba chumvi.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

Sikuwa na Kiswahili cha kutosha. Nikasema tena, "Hapana."

Ombasha akamtazama Ambakisye. "Mkeo ana kichaa?"

Babu yako alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniangalia, akaangalia kile kiboko, akasema, "Mwache yeye amfundishe. Farasi akimuuma mtu ufukweni, mgongo wangu upo."

Ombasha alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu? Huyu anayejificha migombani akisikia mkwewe amekohoa? Huyu ndiye atamfundisha farasi?"

Bibi akajibu kwa lugha yetu akiwa ndani, hata bila kutoka. "Ndiye hasa. Wewe maisha yako yote umempisha nani? Utamfundisha nini?"

Ambakisye alikataa kuitafsiri hiyo. Lakini Ombasha alikuwa ameelewa sauti. Akatema mate, akaondoka, akasema tutaonana meli ikifika.

Sasa sikiliza jinsi nilivyofanya, maana ndilo ninalotaka ulichukue ulipeleke kwa yule dume wako.

Kwanza nilimtoa ndani ya nyumba. Akalia, na mimi nikalia, lakini hakurudi. Nikamsokotea kamba laini ya nyuzi za mgomba, ya kumvisha kichwani, isiyokata ngozi. Kisha sikumfundisha kitu. Nilikaa tu nje ya zizi lake nikichambua mboga, mgongo wangu kwake, siku baada ya siku, mpaka akaacha kutetemeka akinisikia.

Alipoacha kutetemeka akarudia mazoea yake: akaja akanisukuma. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Sikurudi nyuma. Nilishika jani kavu la mgomba, nikalitikisa mbele ya kifua chake, nikisema, "Sii, sii." Sikumpiga nalo. Nililitikisa tu, kwa kelele zake zile, wala sikuacha. Aliinua kichwa, alikunja masikio, alizunguka. Nikaendelea. Mwisho akarudisha mguu mmoja nyuma.

Nikaendelea kutikisa. Nilidhani nimeshinda, nikataka arudi zaidi.

"Nyamaza!" Bibi akanipigia kelele kutoka mlangoni. "Amekupisha! Ukishapishwa, nyamaza! Mzee akishapita kwenye njia, je, anasimama kukukoholea tena?"

Nikashusha jani. Gwe akasimama akinitazama, na midomo yake ikaanza kutafuna hewa, kama mtu anayeonja jambo jipya. Mwanangu, siri yote ilikuwa pale. Kutikisa jani mtu yeyote anaweza. Kunyamaza kwa wakati wake ndiko kulikomfundisha. Mnyama anajua amefanya vizuri pale unapomwacha. Asiyejua kuacha hawezi kufundisha, hata awe na kiboko kirefu kama barabara ya Tukuyu.

Tangu hapo tulikwenda polepole. Ndizi sikumpa tena mkononi. Niliziweka kwenye kigae cha chungu cha yule Mkisi, na Gwe alingoja mpaka nimetoka ndipo aje. Mwanzoni alikimbilia, nami nikaziokota nikaondoka nazo, naye akabaki na kigae kitupu. Akajifunza. Miguu yake nilianza kuikuna begani, nikashuka kidogo kidogo mpaka kwenye kwato, nikainua, nikaiweka chini mwenyewe kabla hajaninyang'anya. Njiani alitembea bega langu na bega lake. Nikisimama anasimama. Akinipita nageuka nakwenda upande mwingine, naye anajikuta yuko nyuma ya mtu ambaye alidhani anamwongoza. Vijana walikuwa wananikejeli: "Mke wa Ambakisye anacheza ngoma na farasi!" Niliwaacha wacheke. Kicheko tulikwisha kukila cha kutosha.

Na jambo moja lilikuja lenyewe, sikulipanga. Njia ya kutoka kwetu kwenda majini ilipita karibu na mashamba ya Mzee. Mara nyingi nilikuwa na Gwe kwenye kamba nikasikia kikohozi. Natoka njiani na Gwe anatoka nami, nachuchumaa na Gwe anasimama kando yangu, kimya, mpaka Mzee apite. Baada ya muda sikuhitaji kumvuta. Kikohozi kikisikika, Gwe ndiye anayetangulia kutoka njiani. Vijana walipogundua wakawa wanajificha migombani na kukohoa ili wamwone. Alitoka kila mara. Nilisikia kwamba Mzee alipoambiwa alisema, "Basi nina wakwe wawili."

Meli ikaja.

Mzungu alitaka siku hiyo iwe kubwa. Aliwaita wazee wa vijiji vyote vya karibu wajipange mistari pande mbili za barabara kutoka gati mpaka kwenye nyumba yake, na mimi nimlete farasi katikati mpaka majini. Ombasha alisimama karibu na gati na kiboko chake. Mzungu alikuwa na bunduki begani, na kila mtu alijua ni ya nini. Ambakisye alisimamishwa mbele, bila nguo ya juu, mgongo wazi.

Nikaingia barabarani na Gwe. Watu walikuwa wengi kuliko niliowahi kuwaona, meli inafoka moshi, na Gwe bega kwa bega nami, masikio mbele. Hakumsukuma mtu. Nikaanza kuamini.

Ndipo nikasikia kikohozi.

Mzee alikuwa kwenye mstari. Walimweka pale kama walivyowaweka wenzake, bila kuuliza ni mkwe wa nani. Alikuwa ameniona nakuja, naye alifanya alichofanya siku zote. Alinipa taarifa.

Gwe akatoka barabarani. Nami nikatoka naye, tukaingia kwenye matete, tope mpaka kwenye vifundo, nikachuchumaa nikatoa kisogo.

Mzungu akaanza kupiga kelele. "Rudi! Rudi hapa! Lete farasi!" Ombasha akaja mbio. Nilisikia kiboko kikipasua hewa juu ya kichwa changu. Gwe alitetemeka ubavuni kwangu, lakini hakurusha teke wala hakukimbia. Mimi sikuondoka, naye hakuondoka.

"Bwana anasema urudi!" Ombasha akasema. "Unataka mumeo achapwe?"

Nilimtaka Ambakisye mzima, mwanangu. Lakini nilijua vilevile kwamba nikipita mbele ya Mzee kwa sababu ya kiboko, basi kila nilichomfundisha Gwe kitakuwa uongo, na yote niliyofundishwa mimi pia. Nikatikisa kichwa. Hapana.

Nilikuwa nimetoa kisogo, kilichofuata sikukiona. Ambakisye ndiye aliyenieleza baadaye. Mzee alikuwa ametoka kwenye mstari. Alishuka upande wa pili wa barabara, akiwa na nguo yake nyeupe ya heshima, akaingia kwenye tope, akatugeuzia mgongo. Mzungu akamfokea arudi. Hakugeuka. Mzee wa jirani yake akashuka naye. Kisha mwingine. Mstari wote ukashuka topeni, migongo kwa Mzungu, na barabara ikabaki tupu kutoka gati mpaka nyumbani kwake. Wazee wale walikuwa wamenifanyia njia, mimi mke wa mtoto wa mwenzao.

Kwenye barabara hiyo tupu ndipo aliposhuka mke wa Mzungu. Nadhani alishangaa kwamba watu wa huku wanampokea mgeni kwa visogo. Alimwona farasi kwenye matete, akaja moja kwa moja, sketi inaburuta topeni. Gwe alimtazama akija. Na alipokaribia sana, alirudi hatua nyuma akampisha. Yule mwanamke akatoa mkono. Gwe akaunusa, hakuuma. Akamgusa kichwa. Akainama, akamgusa mguu, na Gwe akauinua mwenyewe.

Akasema kitu kwa Kijerumani. Mzungu akamgeukia Ombasha. "Mke wangu anauliza nani amemfundisha."

Ombasha hakusita. "Mimi, Bwana. Kwa kiboko. Mke wa Bwana atapenda nimwachie hiki, maana bila hiki hasikii." Akamnyooshea yule mwanamke kiboko.

Nikaona, mwanangu. Nikiacha uongo huo upite, Gwe ataishi, lakini ataishi chini ya kile kiboko mpaka afe, na watu watakiita adabu. Wa kusema nilikuwa mimi. Na Mzee alikuwa ng'ambo ya barabara, karibu kabisa, akisikia. Mke wa mwana hapazi sauti yake mbele ya baba mkwe wake. Wapo waliorudishwa kwao kwa jambo dogo kuliko hilo.

Nikiwa vilevile nimetoa kisogo, nikapiga kelele kwa Kiswahili changu kilichovunjika. "Uongo! Kiboko hapana! Mimi! Ashike kamba, aone!"

Yule mwanamke hakuelewa maneno, lakini alielewa. Akachukua kamba mkononi mwangu akampa Ombasha. Ombasha, na kiboko chake, akaivuta. Gwe akakita miguu, akakunja masikio, akakaa karibu matako yaguse tope. Akavuta tena. Gwe akageuka kurusha teke, na Ombasha akaruka nyuma akaketi matopeni mwenyewe. Mmoja wa wazee akacheka, akajifanya anapiga chafya.

Mke wa Mzungu alinirudishia kamba. Gwe akasimama akatulia. Alimwambia mumewe maneno machache, makavu. Mzungu hakuomba radhi, usinielewe vibaya. Alikunja uso tu, akashusha bunduki begani, akamwambia Ambakisye avae nguo yake. Kiboko hakikumkaribia Gwe tena.

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kupaza sauti. Nilibaki nimechuchumaa, nikingoja Mzee aseme neno, na neno lake ndilo lingeamua ndoa yangu. Nikasikia sauti yake kwa mara ya kwanza kwa ukaribu ule. Hakusema nami. Alisema na wenzake, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua.

"Nimesikia farasi akilia."

Kisha mzee mwingine akajibu, "Hata mimi. Analia kwa nguvu, huyo."

"Kwa nguvu sana," akasema wa tatu. "Tena anajua Kiswahili."

Jioni ile kilikuja kwetu kikapu cha ndizi kutoka kwa Mzee. Aliyekileta alisema kimetumwa kwa farasi mwenye sauti. Bibi alikitazama, akamenya moja, akanipa, na hiyo ndiyo siku pekee aliyonilisha kwa mkono.

Kabla ya mvua walimpeleka Gwe milimani, mahali pasipo na inzi wabaya. Wapagazi waliorudi walisema kwamba njia nzima, mtu akikohoa, farasi alikuwa anatoka njiani na kusimama kando mpaka apite.

Basi, mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia. Yule dume wako mwonyeshe mahali pake na mahali pako. Mwambie mara nyingi, bila hasira, na akishakusikia, nyamaza. Usimchekee leo kwa jambo utakalomchapa kwalo kesho. Ukitaka akupishe, nawe mkoholee kwanza. Na mtu akikwambia kwamba kutetemeka ndiyo adabu, mkatalie. Mkatalie hata akiwa na bunduki, hata akiwa mwalimu wako, hata akiwa mimi. Mwenye adabu anajua pa kusimama, na kwa sababu hiyo anajua pia siku ya kukataa kuondoka hapo. Na siku ukweli ukihitaji sauti yako, itoe, hata kama desturi inakutaka kimya. Watakaokupenda watasema wamesikia farasi.

Nenda sasa, ndama anakungoja. Kyala akusaje, Mungu akubariki: njia yako iwe na watu wanaokohoa kabla ya kufika, mikono yako ijue kuacha, na mgongo wako usiiname ila kwa unayemheshimu.